Saratani ya kibofu cha mkojo na protini zinazopanga DNA: kipi kimethibitika, kipi bado

Kwa ufupi

- Uvimbe mwingi wa saratani ya kibofu cha mkojo una hitilafu kwenye jeni zinazotengeneza protini za kupanga DNA ndani ya seli. Jambo hili limethibitishwa na tafiti kubwa tangu mwaka 2011.
- Ugunduzi huu umesaidia kueleza kwa nini wanaume wanaugua zaidi kuliko wanawake, lakini bado haujaleta dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya saratani hii.
- Hitilafu hizohizo hupatikana pia kwenye vibofu vyenye afya. Kipimo cha vinasaba peke yake hakitoshi kusema kwamba una saratani.
- Wagonjwa wa Afrika Mashariki, hasa waliowahi kuugua kichocho, hawamo vya kutosha kwenye tafiti hizi.
- Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja na bila maumivu, nenda kituo cha afya. Usisubiri irudi.

Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi, habari za utafiti wa saratani ya kibofu zimekuwa zikirudia majina yaleyale: KDM6A, KMT2D, ARID1A. Huenda umeyaona kwenye majibu ya maabara ya ndugu yako anayetibiwa nje ya nchi, au kwenye tangazo la kipimo cha vinasaba lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Hayo ni majina ya jeni zinazohusika na upangaji wa DNA ndani ya seli. Ukurasa huu unakueleza kazi ya jeni hizo, kilichogunduliwa, na maana yake kwako wewe unayeishi na ugonjwa huu, unayemuuguza mtu, au unayeogopa dalili uliyoiona.

Saratani ya kibofu cha mkojo ni nini?

Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo, unaotunza mkojo kabla hujaenda haja ndogo. Saratani huanza pale seli za utando wa ndani wa mfuko huo zinapoanza kugawanyika bila utaratibu. Ikigunduliwa mapema, huwa bado iko kwenye utando. Ikichelewa, hupenya hadi kwenye misuli ya kibofu, na baadaye huweza kusambaa kwenye tezi, mifupa, mapafu au ini.

Kwa hesabu za kimataifa za mwaka 2022, watu wapatao 614,000 waligunduliwa kuwa na saratani hii duniani, na wapatao 220,000 walifariki kwa sababu yake. Kwa kila mwanamke mmoja aliyeugua, waliugua wanaume zaidi ya watatu.

Kuna aina mbili unazopaswa kuzijua. Ya kwanza inaitwa saratani ya urothelia, na ndiyo inayoongoza Ulaya, Marekani na China. Kisababishi chake kikubwa ni uvutaji wa sigara: sumu za moshi huingia kwenye damu, huchujwa na figo, kisha hukaa kwenye kibofu kwa saa nyingi pamoja na mkojo. Kemikali zilizotumika kwenye viwanda vya rangi na mpira nazo zinajulikana kuileta. Aina ya pili ni saratani ya seli bapa, ambayo kwa sehemu nyingi za Afrika inahusiana na kichocho cha mkojo. Utaona baadaye kwa nini tofauti hii ina uzito.

Kromatini ni nini?

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA ambayo ikinyooshwa hufikia mita 2 hivi. Uzi huo wote unatakiwa kukaa ndani ya kiini cha seli, kitu kidogo kisichoonekana bila hadubini. Mwili unaweza kufanya hivyo kwa sababu DNA imezungushwa kwenye vigurudumu vidogo vya protini vinavyoitwa histoni, kisha vigurudumu hivyo vikabanwa pamoja. DNA pamoja na protini zinazoifungasha ndizo zinazoitwa kromatini.

Fikiria sanduku la nguo lenye doti nyingi za kanga. Zilizo juu huvaliwa kila siku. Zilizokunjwa na kubanwa chini kabisa zimo, lakini hazivaliwi mpaka mtu apangue sanduku. Jeni nazo ziko hivyo. Seli ya kibofu na seli ya jicho zina jeni zilezile, ila kila moja imeziacha wazi zile inazozihitaji na kuzifunga nyingine. Seli ikisahau mpangilio wake, huanza kusahau pia kwamba yeye ni seli ya kibofu, na kwamba haitakiwi kugawanyika ovyo.

Wapo wafanyakazi maalumu wa sanduku hilo. Wamegawanyika katika makundi matatu:

- Wanaosogeza vigurudumu. Hawa hutumia nishati ya seli kuisukuma histoni huku na huko ili jeni fulani ifikike. Protini ya ARID1A ni sehemu ya kundi kubwa la aina hii linaloitwa SWI/SNF, ambalo liligunduliwa kwanza kwenye hamira. Kwa maana halisi, hawa ndio wapangaji wa kromatini.
- Wanaoweka alama. KMT2D na KMT2C huweka alama ya kikemikali kwenye histoni inayosema "hapa pawe wazi". EP300 na CREBBP huweka alama nyingine inayolegeza ufungaji. EZH2, kinyume chake, huweka alama inayosema "hapa pafungwe".
- Wanaoondoa alama. KDM6A huifuta ile alama ya kufunga iliyowekwa na EZH2.

Watafiti wengi huyajadili makundi haya matatu kwa pamoja kwa sababu kazi zao zinategemeana. Sisi pia tutafanya hivyo.

Nini kimegunduliwa?

Mwaka 2011 watafiti wa China walichapisha utafiti uliosoma jeni za uvimbe wa kibofu. Walianza na wagonjwa tisa, kisha wakaongeza wengine hadi kufikia 97. Katika asilimia 59 ya wagonjwa hao walikuta hitilafu kwenye jeni za kupanga kromatini. Kabla ya hapo, jeni hizi hazikuwa zikitajwa sana katika ugonjwa huu.

Mwaka 2014 mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulitoa matokeo ya uvimbe 131 wa saratani iliyopenya kwenye misuli. Watafiti wake waliandika kwamba jeni za kromatini zilikuwa zimeharibika mara nyingi zaidi kwenye saratani ya kibofu kuliko kwenye saratani nyingine yoyote ya kawaida iliyokuwa imechunguzwa hadi wakati huo. Mwaka 2017 mradi huohuo ulipanua hesabu hadi wagonjwa 412. Karibu kila uvimbe mmoja kati ya minne ulikuwa na hitilafu kwenye KMT2D, na idadi inayokaribiana na hiyo ilionekana kwa KDM6A na kwa ARID1A. KMT2C, EP300 na CREBBP nazo zilikuwamo, kwa viwango vya chini kidogo.

Kwa hiyo, timu zilizofanya kazi katika mabara tofauti zilifikia jibu moja.

Je, nimerithi hitilafu hizi? Watoto wangu watazirithi?

Hili ni swali ambalo wagonjwa wengi huuliza. Hitilafu zinazotajwa hapa kwa kawaida hutokea ndani ya seli za kibofu wakati wa maisha ya mtu. Hukutoka nazo tumboni mwa mama yako, na humpi mwanao. Hitilafu iliyo ndani ya uvimbe si laana ya ukoo. Hata hivyo, ikiwa ndugu kadhaa wa damu katika familia yenu wameugua saratani, mwambie daktari, kwa sababu zipo saratani chache za njia ya mkojo zinazohusiana na urithi.

Kwa nini wanaume wanaugua zaidi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi: wanaume wanavuta sigara zaidi, na wanafanya kazi zaidi kwenye viwanda vyenye sumu. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, maana hata hesabu zikizingatia sigara na kazi, tofauti haiishi yote.

Utafiti wa kromatini umetoa sehemu ya jibu. Jeni ya KDM6A imekaa kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja. Kwa kawaida seli ya mwanamke huizima X moja, lakini KDM6A ni miongoni mwa jeni chache zinazokwepa kuzimwa huko. Hivyo mwanamke anakuwa na nakala mbili zinazofanya kazi. Ikiharibika moja, nyingine inabaki. Mwanamume ana nakala moja, pamoja na jeni ndugu yake iitwayo UTY kwenye kromosomu Y, ambayo kazi yake ya kufuta alama ni dhaifu sana.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walijaribu wazo hilo kwa panya. Walitumia panya ambao homoni zao na kromosomu zao zilitenganishwa kwa makusudi, ili kujua ni kipi kinacholinda. Waliona kwamba kuwa na X mbili kuliwapa panya kinga fulani dhidi ya saratani ya kibofu hata homoni zilipotofautiana, na kwamba KDM6A ilichangia kinga hiyo. Ilipoondolewa kwenye kibofu cha panya majike, hatari yao ilipanda.

Mwaka 2023 habari nyingine ilifuata. Baadhi ya seli za saratani kwa wanaume hupoteza kromosomu Y yote. Hali hiyo huonekana kwenye asilimia 10 hadi 40 ya saratani za kibofu. Kwa panya, uvimbe usio na Y ulikua kwa kasi zaidi kwa sababu uliweza kuikwepa kinga ya mwili, na jeni mbili zilizohusishwa, UTY na KDM5D, zote ni za familia ya protini za kromatini. Lakini uvimbe huohuo ulikuwa mwepesi zaidi kudhibitiwa na dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Kitu kilichoupa uvimbe nguvu ndicho kilichouacha wazi kwa dawa.

Usichukue haya kuwa ruhusa ya wanawake kulegeza tahadhari. Wanawake wanaougua mara nyingi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, kwa sababu damu kwenye mkojo hudhaniwa kuwa hedhi au U.T.I., na dawa za maambukizi hutolewa mara ya pili na ya tatu bila uchunguzi zaidi.

Hitilafu kwenye kibofu chenye afya

Hapa ndipo unapohitaji uangalifu na matangazo ya vipimo.

Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha tafiti mbili, moja ikiongozwa kutoka Uingereza na nyingine kutoka China, zilizochunguza utando wa vibofu unaoonekana wa kawaida. Utafiti wa Uingereza ulitumia pia vibofu vya watu waliofariki wakiwa hawana saratani ya kibofu. Seli zenye hitilafu zilikuwa nyingi, na miongoni mwa jeni zilizoharibika zilikuwamo zilezile: KMT2D, KDM6A na ARID1A. Seli hizo zilikuwa zimekaa hapo bila kuleta ugonjwa.

Maana yake ni kwamba kuharibika kwa mpangilio wa kromatini huenda ni hatua ya mwanzo, inayoandaa shamba. Ili saratani iote, mara nyingi huhitajika mambo mengine yaongezeke juu yake. Watu wengi wanazeeka na hitilafu hizo na wanakufa kwa sababu nyingine kabisa.

Basi mtu akikwambia kwamba kipimo chake cha mkojo kimekuta "jeni ya saratani ya kibofu", muulize maswali matatu. Kipimo hiki kimethibitishwa kwa watu wangapi wasio na saratani? Kikionyesha hitilafu, hatua inayofuata ni ipi? Je, kinachukua nafasi ya kuangaliwa kibofu kwa kamera, au kinaongezea tu? Vipo vipimo vya mkojo vinavyosoma DNA ambavyo hospitali za nje hutumia kuwafuatilia watu waliokwisha kutibiwa. Ni vya msaada, lakini havijaondoa haja ya kamera.

Mbona dawa bado?

Ni swali la haki. Kama sababu imejulikana tangu 2011, dawa iko wapi?

Tatizo liko kwenye namna hitilafu zenyewe zilivyo. Dawa nyingi za kisasa hufanya kazi ya kuzuia: zinaikamata protini inayofanya kazi kupita kiasi na kuisimamisha. Chukua jeni ya FGFR3, ambayo si ya kromatini. Hitilafu yake huifanya protini iwake muda wote, kwa hiyo iliwezekana kutengeneza kidonge cha kuizima. Kidonge hicho, erdafitinib, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa wa saratani ya kibofu iliyosambaa wenye hitilafu hiyo.

Kwa KDM6A, KMT2D na ARID1A mambo ni kinyume. Hitilafu nyingi huivunja protini au kuiondoa kabisa. Huwezi kuzima taa ambayo imekwisha zimika. Wala si rahisi kuirudisha protini kubwa namna hiyo ndani ya kila seli ya uvimbe.

Njia wanayoijaribu watafiti ni ya kuzunguka. Seli ikipoteza mfanyakazi mmoja, huanza kumtegemea mwingine. Seli isiyo na KDM6A au ARID1A inaweza kubaki ikimtegemea EZH2 anayefunga jeni. Ukimzuia EZH2, seli ya saratani huenda ikashindwa kuendelea, na seli nzima zikasalimika. Dawa ya kuzuia EZH2, tazemetostat, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa aina moja adimu ya saratani ya tishu laini, na baadaye mwaka huohuo kwa aina moja ya saratani ya tezi. Kwa kibofu, njia hii imebaki kwenye majaribio.

Jaribio jingine linatufundisha unyenyekevu. Dawa iitwayo mocetinostat ilipewa wagonjwa wa saratani ya kibofu iliyosambaa ambao walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa na hitilafu kwenye CREBBP au EP300. Wazo lilikuwa zuri: kama aweka alama wa kulegeza amepotea, mzuie anayeiondoa alama hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kati ya wagonjwa tisa ambao matokeo yao yaliweza kupimwa, ni mmoja tu ambaye uvimbe wake ulisinyaa kiasi cha kuhesabiwa, na jaribio halikuendelea.

Hii haina maana kwamba utafiti umefeli. Ina maana kwamba kati ya kujua sababu na kupata tiba kuna safari ndefu, na kwamba mtu anayekuuzia leo vidonge vya mitishamba au virutubisho vya "kurekebisha vinasaba vya kibofu" anakuuzia kitu ambacho hata maabara zenye fedha nyingi hazijakipata.

Matibabu yanayofanya kazi leo

Huku kromatini ikiendelea kuchunguzwa, tiba nyingine zimepiga hatua:

- Saratani ya urothelia iliyo kwenye utando tu. Huondolewa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo. Wengi wenye hatari ya kurudiwa hupewa BCG ndani ya kibofu. Ndiyo BCG hiyohiyo ya chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga. Imetumika hivi tangu miaka ya 1970, na huiamsha kinga ya mwili ishambulie seli za saratani.
- Iliyopenya kwenye misuli. Mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kemotherapia zikifuatiwa na upasuaji wa kutoa kibofu, au kwa mionzi pamoja na kemotherapia kwa wanaofaa.
- Iliyosambaa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa dawa mbili, enfortumab vedotin na pembrolizumab, kama tiba ya kwanza kwa wagonjwa wa aina ya urothelia. Katika jaribio lake, nusu ya waliopata mchanganyiko huo waliishi zaidi ya miezi 31.5, ikilinganishwa na miezi 16.1 kwa waliopata kemotherapia ya kawaida.

Dawa za mchanganyiko huo ni ghali mno, na familia nyingi za Afrika Mashariki haziwezi kuzimudu. Kwa hiyo kwetu thamani ya kugundua mapema ni kubwa zaidi, kwa sababu upasuaji wa uvimbe ulio kwenye utando ni tiba inayoweza kupatikana katika hospitali za rufaa.

Sisi tuko wapi kwenye ramani hii?

Takwimu tulizokupa hapo juu zilitoka hasa kwa wagonjwa wenye aina ya urothelia, katika nchi ambako sigara ndiyo kisababishi kikuu. Sasa linganisha na picha ya kwetu.

Mwaka 2013 madaktari wa Mwanza, Tanzania, walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka Kanda ya Ziwa. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa, siyo urothelia. Karibu asilimia 45 walikutwa na mayai ya kichocho. Na jambo linalogusa moja kwa moja hoja ya kromosomu X: wanawake walikuwa 95 na wanaume 90. Ile tofauti ya zaidi ya watatu kwa mmoja inayoonekana duniani haikuwapo.

Hilo halibatilishi utafiti wa KDM6A. Linaonyesha kwamba kisababishi kinapobadilika, sura ya ugonjwa nayo hubadilika. Maji yenye konokono wa kichocho humwambukiza mama anayefua, binti anayechota maji, mkulima wa mpunga na mtoto anayeogelea. Mayai ya vimelea hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza kwa miaka mingi, utando hubadilika, na mwishowe saratani huweza kuota. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka minyoo ya kichocho cha mkojo kwenye orodha ya visababishi vilivyothibitika vya saratani mwaka 1994.

Je, ndani ya uvimbe wa aina hiyo wapangaji wa kromatini wameharibika kwa kiasi kilekile? Je, seli zake zinamtegemea EZH2 kama zinavyotegemea zile za mvutaji sigara? Majibu hayapatikani kwa kuazima takwimu za Boston au Shenzhen. Yatapatikana uvimbe wa wagonjwa wa Mwanza, wa Pemba au wa Pwani ya Kenya utakapohifadhiwa vizuri, ukasomwa, na wagonjwa hao wakaingizwa kwenye majaribio ya dawa. Vinginevyo dawa ya kwanza ya kromatini itakapofika, itakuwa imepimwa kwa watu wenye ugonjwa usio sawasawa na wetu, na sisi tutaambiwa tuinunue tuone.

Kwa hiyo ukiombwa na hospitali kutoa ridhaa ili kipande cha uvimbe wako kitumike kwa utafiti, una haki ya kuuliza kitakwenda wapi, nani atakisoma, na matokeo yatarudi vipi kwa jamii. Una haki ya kukataa bila matibabu yako kuguswa. Lakini ujue pia kwamba kukosekana kwetu kwenye tafiti kuna gharama.

Ufanye nini sasa?

*Ukiona damu kwenye mkojo.* Inaweza kuwa nyekundu, ya waridi, au rangi kama ya chai ya rangi. Mara nyingi haina maumivu, na inaweza kutoweka kwa wiki kadhaa. Kutoweka si kupona. Eleza wazi kituoni ilianza lini. Omba kipimo cha mkojo cha kuangalia maambukizi na mayai ya kichocho, na uulize kuhusu utrasaundi. Damu ikiendelea baada ya kutibiwa, omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo ili kibofu kiangaliwe kwa kamera.

*Ukiishi penye kichocho.* Katika baadhi ya maeneo, mvulana akikojoa damu watu husema amebalehe. Sivyo. Ni ugonjwa unaotibika kwa dawa ya praziquantel. Waache watoto wameze dawa inapogawiwa shuleni, na watu wazima waulize kituoni. Dawa huua minyoo, lakini haizuii kuambukizwa tena ukirudi kwenye maji yaleyale.

*Ukivuta sigara.* Kuacha kunapunguza hatari hata kama umevuta kwa miaka mingi, na kwa aliyekwisha kutibiwa kunasaidia pia. Muombe mhudumu wa afya akusaidie. Si jambo la kuonea aibu.

*Ukishagunduliwa.* Andika maswali haya uende nayo:

1. Saratani yangu ni ya aina gani, urothelia au seli bapa?
2. Imepenya kwenye misuli au bado?
3. Je, uvimbe wangu unahitaji kipimo cha vinasaba? Majibu yake yatabadilisha tiba yangu, au yatakuwa taarifa tu?
4. Nitafuatiliwa kwa kamera mara ngapi, na kwa muda gani?

Swali la tatu ndilo linaloweza kukuokolea fedha. Kipimo cha FGFR3 kinaweza kubadilisha tiba pale dawa yake inapopatikana. Majibu ya KDM6A, KMT2D au ARID1A kwa sasa hayabadilishi tiba ya kawaida, ila yanaweza kukufungulia mlango wa jaribio la dawa, kama lipo mahali unapoweza kufika. Usiuze shamba kulipia kipimo kabla hujapata jibu la swali hilo.

Ukurasa huu hauchukui nafasi ya daktari wako. Kama unakojoa damu leo, weka simu chini, nenda kapime.